Kebo ipo nyumba nzima, nataka waifai kwa bei ndogo (Ngamiani, Tanga)

Ngamiani12

Salamu wakuu. Nyumba ni ile ya Kiswahili ya zamani, ukumbi unapita katikati tangu mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Kuta za mbele ni za mawe na chokaa, unene kama sentimita 45. Za nyuma na za uani ni matofali ya saruji, zimeongezwa baadaye. Paa la mabati.

Mtandao wa waya upo na unafanya kazi. Faiba inaingia chumba cha mbele kulia, modemu yake ina poti nne lakini haina waifai. Pembeni yake kuna swichi ya poti 8. Kwenye swichi zimechomekwa kompyuta mbili za mezani na printa, na imetoka kebo moja ya Cat5e, kama mita 25, imepita juu ya dari hadi chumba cha mwisho kushoto karibu na mlango wa uani. Ncha ya huko nyuma haijawahi kuchomekwa kitu. Kifurushi ni cha 20 Mbps, na kwa waya napata 19 na ushei.

Ninachotaka: simu sita, laptopu mbili, runinga ya sebuleni, na chumba cha uani anachokaa mpangaji. Bajeti laki moja, na ikibaki chenji nitashukuru. Kabatini ipo ruta ya zamani TL-WR841N, inawaka. Ninunue nini, niweke wapi, na nifanyeje nisivuruge waya uliopo?

chuda_kwetu

Nunua ripita moja, ichomeke ukumbini, kazi imeisha.

fundi_kisosora

Ripita irudie nini, shekhe, na modemu haina waifai? Hata ingekuwa nayo, ripita ya bei ndogo inapokea na kurusha kwa redio ileile moja. Kila pakiti inapita hewani mara mbili, kasi inakatika nusu kabla ukuta haujachukua chake. Huyu mwenzetu ana kebo mpaka mlango wa uani. Kebo ndiyo mali, pesa iende kwenye kitakachochomekwa mwisho wake.

Ngamiani12, unahitaji vifaa viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kimoja unacho. Cha pili nunua ruta ya kawaida ya waifai, TL-WR840N au inayolingana nayo. Si lazima iwe imeandikwa aksesi pointi (kirusha waifai kinachotegemea waya) kwenye boksi. Ruta yoyote ya waifai ukiizuia isigawe anwani (namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni) inabaki swichi ndogo yenye antena, na hicho ndicho unachotafuta.

Usibabaishwe na ile 300 ya kwenye boksi. Hiyo ni kwa chaneli yenye upana wa 40 MHz. Kwa 20 MHz, ambayo ndiyo utakayotumia mjini, ni 144, na kinachofika mkononi ni kama nusu ya hapo, tena ukiwa karibu. Kwa kifurushi cha 20 bado inatosha na kuzidi. Ya bendi mbili, yenye 5 GHz, ina faida majirani wakiwa wamejaza hewa au ukiwa unahamisha mafaili makubwa toka laptopu kwenda kompyuta ya mezani. Ikiingia kwenye bajeti, iweke mbele kwa ajili ya runinga. Isipoingia, hujapoteza kitu.

Kupanga ni hivi, na fuata mpangilio huuhuu maana ukiupindua unajifungia nje:

1. Ingia kwenye modemu, mara nyingi ni 192.168.1.1. Tazama inagawa anwani toka ngapi hadi ngapi. Weka igawe 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200. Zilizo chini ya 100 ni zako za kuweka kwa mkono: ruta ya mbele .2, ya nyuma .3, printa .10.

2. Ruta itoe kabisa kwenye mtandao wa nyumba. Ikiwa imewashwa, bonyeza kitufe cha Reset sekunde 10 mpaka taa zote zipepese. Chomeka kompyuta moja kwenye poti ya LAN, zile nne za rangi moja, si ile iliyojitenga. Fungua kivinjari uandike anwani iliyobandikwa chini ya ruta.

3. Badili paswadi ya kuingilia kwanza. Kisha weka jina la waifai na paswadi yake, usalama WPA2-PSK na aina ya AES. Ukikuta kuna TKIP, usiiguse. Ukichagua TKIP au WEP, kiwango cha 11n kinajizima chenyewe na unabaki na 54 Mbps za kwenye karatasi, utalaumu ukuta bure. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe bila paswadi.

4. Badili anwani ya LAN iwe 192.168.1.2, maski 255.255.255.0. Itajiwasha upya. Kompyuta ichomoe na kuchomeka tena ipate anwani mpya, kisha ingia kwa 192.168.1.2.

5. Sasa ndipo unazima DHCP Server, yaani mgawaji wa anwani. Chagua Disable, hifadhi, washa upya. Hapa kompyuta haitapewa anwani na mtu. Ukitaka kuingia tena kabla ya kuunganisha, ipe 192.168.1.50 kwa mkono.

6. Chukua kebo toka kwenye swichi, chomeka kwenye poti ya LAN ya ruta. Poti ya WAN, ile iliyojitenga, iache tupu, ibandike kipande cha gundi ili fundi atakayekuja kesho asiihamishie humo akidhani umekosea.

Kwa nini isiwe WAN? Ukichomeka hapo, ruta inatengeneza mtandao wake wa pili. Simu zinapata intaneti vizuri tu, ila printa iliyo kwenye swichi haionekani, runinga haioni mafaili ya kompyuta, na wewe unaanza kusakinisha upya programu ya printa isiyo na kosa.

Ukisahau hatua ya 5, una wagawaji anwani wawili kwenye waya mmoja, na anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Simu ikijibiwa na ruta inaambiwa njia ya kutokea ni ruta, na ruta haina pa kutokea. Dalili yake: leo simu hii inafanya kazi, ile inasema imeunganishwa bila intaneti, kesho ni kinyume chake. Mbaya zaidi, hata kompyuta za waya zilizokuwa salama zinaingia kwenye mkumbo.

Jambo la mwisho, kebo moja tu toka swichi hadi ruta. Ukichomeka mbili ukitumaini kasi itazidi, pakiti zinazunguka bila kikomo, taa zote za swichi zinapepesa kwa pamoja na nyumba nzima inalala.

Ruta nyingine zina Operation Mode yenye chaguo la Access Point. Ikiwepo ichague, itakufanyia hatua ya 4 na 5 yenyewe. Angalia tu kwamba anwani yake itagawiwa na modemu, kwa hiyo baadaye ukiitafuta tazama orodha ya vifaa ndani ya modemu.

bi_mkonge

Niongeze pa kuiweka, maana hapo ndipo nyumba za aina hii zinapowashinda watu.

Ukumbi ndio bomba lako. Ukuta wa mawe na chokaa wa sentimita 45 unakula mawimbi, na ukiwa umenyonya unyevu wa masika unakula zaidi. Mlango wa mbao hauli sana. Kwa hiyo usiifiche ruta ya mbele ndani ya chumba cha modemu. Vuta kebo fupi ya mita 4 au 5 toka kwenye swichi, toboa juu ya mlango, ruta ikae ukumbini ukutani kimo cha mita 2 hivi, antena zisimame wima. Toka hapo mawimbi yanaingia kila chumba kwa mlango wake badala ya kupambana na ukuta. Ya nyuma nayo iwe ukumbini karibu na mlango wa uani, au dirishani ikitazama chumba cha mpangaji.

Angalia dirisha lina wavu gani. Wavu wa mbu wa plastiki hauna neno. Ule wa aluminiamu ni ukuta kwa waifai: wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa kama sentimita 12.5, na tundu la wavu ni milimita moja na kitu. Simtanki lililojaa maji likiwa katikati ya ruta na chumba cha mpangaji nalo ni hivyohivyo, maji hunywa mawimbi. Sogeza ruta mita moja pembeni uone tofauti.

Usiipandishe darini eti isionekane. Mchana chini ya mabati ni tanuri, na ruta hizi zinapoa kwa hewa tu kupitia vitundu vya ubavuni. Itaanza kujizima yenyewe saa nane mchana, utadhani umeme.

Chaneli: tumia 1, 6 au 11 tu, upana 20 MHz, si Auto. Chaneli ya 1 iko 2412 MHz na ya 6 iko 2437, zimeachana 25, ndiyo maana hazigusani. Ukiweka 3 au 4 unawasumbua jirani wa pande zote mbili na wao wanakusumbua wewe. Ruta ya mbele ipe moja, ya nyuma ipe nyingine, usizipe zinazofanana. Kabla ya kuchagua, pakua kwenye simu ya Android programu ya kupima waifai, simama ukumbini, uone majirani wamekaa wapi. Usiende 12 wala 13, simu na runinga nyingine hazizioni kabisa.

Jina la waifai na paswadi viwe vilevile kwenye ruta zote mbili, herufi kwa herufi, kubwa kubwa na ndogo ndogo. Simu ikitoka mbele kwenda uani itahama yenyewe. Tahadhari: anayeamua kuhama ni simu, si ruta, na simu nyingine ni ving'ang'anizi, zinakaa na ruta ya mbele hadi mawimbi yaishe. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya ruta. Kwenye WR841N nenda Wireless Advanced, Transmit Power, weka Middle. Watu wengi hawaamini kwamba kupunguza nguvu kunaongeza kasi, lakini jaribu.

Kipimo: kwenye ile programu, popote mtu anapokaa kutazama video unataka -67 dBm (ndicho kipimo cha nguvu ya mawimbi) au karibu zaidi na sifuri. Kwenye -75 meseji zinaenda lakini video inasitasita. Ikifika -80 ni waja leo waondoka leo.

pongwe_kwetu

Nidandie hapohapo. Kompyuta ya mezani isiyofikiwa na kebo, kile kidude kidogo cha USB cha waifai kinafaa?

bi_mkonge

Kinafaa, ila usikichomeke nyuma ya kasha. Hapo kimezibwa na bati la kompyuta upande mmoja na ukuta upande wa pili. Nunua na waya wa kurefusha USB wa mita 1, kiweke juu ya meza. Na kichomeke kwenye tundu la USB 2.0, lile lenye ulimi mweusi. Tundu la 3.0 lenye ulimi wa buluu likiwa na diski ya nje inayofanya kazi hutoa kelele kwenye 2.4 GHz, kidude kikiwa jirani yake kinaziba masikio.

Ngamiani12

Ahsanteni sana. Nimenunua WR840N moja, imebaki chenji. Ya mbele ndiyo mpya, WR841N nimeipeleka nyuma, anwani .2 na .3, DHCP zote mbili zimezimwa, chaneli 1 na 11. Mbele mambo safi, 19 Mbps sebuleni.

Nyuma kuna mambo mawili. La kwanza, kasi ni 9.4 Mbps, haipandi haishuki. Nikisimama mita 1 toka kwenye ruta, -38 dBm, 9.4. Nikitoka uani, 9.4. La pili, simu zilizoshika ruta ya nyuma hazioni printa, za mbele zinaiona.

Kebo nimeipima kwa testa ya taa nane, zote zinawaka kwa mpangilio 1 hadi 8.

fundi_kisosora

Hiyo 9.4 inasema yenyewe. Waifai hairushi namba moja kila mahali, lazima iyumbe ukisogea. Kinachokwama mahali pamoja ni waya. Kebo iliyokubaliana 10 Mbps badala ya 100 inatoa tisa na nusu ukiondoa vichwa vya pakiti. Tazama taa ya swichi kwenye poti ya kebo hiyo: swichi nyingi zina rangi au taa tofauti kwa 10 na kwa 100.

Sasa fungua konekta ya nyuma uangalie rangi kwa jicho, achana na testa. Nadhani utakuta waya zimepangwa jozi kwa jozi: machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Inapendeza macho, na pande zote mbili zikifanana testa ya taa inasema sawa, maana yenyewe inauliza kitu kimoja tu, kama waya 1 imefika 1, na 2 imefika 2. Haiulizi nani kasokotwa na nani.

Mtandao wa 100 Mbps unatumia pini 1 na 2 kama jozi moja, 3 na 6 kama jozi ya pili. Jozi lazima iwe waya mbili zilizosokotwa pamoja, msokoto ndio unaofuta kelele. Ukipanga jozi kwa jozi, pini 3 inaangukia kwenye jozi ya kijani na pini 6 inaangukia kwenye jozi ya buluu. Zinasafiri mita 25 kila moja na mwenza asiye wake. Kwa kipande cha mita 1 inaweza kupita bila kujulikana, kwa mita 25 vifaa vinashindwa kusikilizana kwa 100 na vinashuka hadi 10.

Mpangilio sahihi, T568B, konekta ikiwa ulimi wake uko chini na tundu la kebo linakutazama, toka kushoto:

nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Unaona kijani imetenganishwa na buluu katikati? Hapo ndipo pini 3 na 6. Kata ncha zote mbili, si moja. Menya sentimita 2.5, nyoosha, panga, kisha kata ibaki kama milimita 13 ili ganda la nje liingie ndani ya konekta na libanwe na kile kijiti cha plastiki. Likibaki nje, kebo ikivutwa mara mbili tatu waya zinachomoka. Konekta mbili unatumia, nunua sita, mkono hukosea.

Ukiwa umekata, kwaruza waya mmoja kwa kisu. Ukiona mng'ao mweupe ndani ya ngozi ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Itafanya kazi kwa mita 25, lakini inavunjika ikikunjwa, usiipindepinde kwenye kona. Ukinunua kebo mpya kwaruza dukani kabla ya kulipa.

Printa: kwenye Wireless Advanced ya WR841N tafuta AP Isolation, inayotenga simu na vifaa vingine, au tazama kama umewasha Guest Network (waifai ya wageni) na simu zimeshika jina hilo. Moja kati ya hayo mawili. Zima.

sahare_upepo

Ukiwa tayari umeshika koleo: ncha ya kebo iliyokaa miaka bila kuchomekwa kitu, karibu na dirisha la uani, kwa huu upepo wa bahari wetu, tazama na meno ya shaba ya konekta. Yakiwa na kijani usiyapanguse, kata. Kutu ile ikianza inarudi. Na soketi ya ruta nayo ipulize vumbi na uichungulie kwa tochi, pini zake nane ziwe zinang'aa na ziwe kimo kimoja.

Mtu asikushawishi kuvuta kebo ya shaba ya ndani ikapita hewani hadi chumba cha uani. Jua litaipasua ganda, maji yataingia na kutiririka ndani yake hadi kwenye poti, na radi ikipiga hata mtaa wa pili umeme unaruka kwenye waya huo, unachoma ruta, swichi na pengine modemu kwa pamoja. Ikilazimika, pitisha ardhini ndani ya bomba la plastiki, kebo iwe ya nje yenye ganda jeusi, na kabla haijaingia ukutani ipinde kuelekea chini kisha ipande, ili tone la maji lidondokee nje. Lakini kwako chumba kiko hatua chache toka mlango wa uani, ruta ya ndani inatosha.

Umeme nao: ruta bila modemu ni mapambo. Ukinunua UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, hesabu vitu vitatu, modemu, swichi, na ruta moja angalau. Soma kila adapta: volti lazima ilingane, na nyingi za swichi ni za volti 5, WR840N na WR841N mara nyingi ni volti 9. Ukichomeka 12 kwenye kifaa cha 5 umekiua. Na usidanganywe na 8800 mAh ya kwenye boksi, ni hesabu ya betri za ndani za volti 3.7. Zidisha, 8.8 mara 3.7 ni saa-wati 32 na kitu. Toa hasara ya kupandisha volti, baki na 27 hivi. Modemu na ruta zikila wati 12 kwa pamoja, ni saa mbili na robo.

chuda_kwetu

Nimekubali, ripita naiondoa mezani. Ila zile adapta za kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme je?

fundi_kisosora

Zinafanya kazi zote mbili zikiwa kwenye fezi moja na zimechomekwa moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni wala nyuma ya UPS. Nyumba ya fezi tatu, au nyaya za zamani zenye viungio vya mkono darini, inakuwa bahati nasibu. Mwenye kebo hana haja nazo.

Ngamiani12

Ni kama ulivyosema, jozi kwa jozi ncha zote mbili. Na konekta ya nyuma pini ya 6 ilikuwa ya buluu kweli. Nimebana upya, ya kwanza nilikosea, ya pili imekaa. Taa ya swichi imebadilika, sasa 19 nyuma na 17 chumbani kwa mpangaji, -64. Printa ilikuwa AP Isolation.

Limebaki la mpangaji. Nataka apate intaneti lakini asizione kompyuta zangu, na asinimalizie kasi yote usiku. Guest Network ya kwenye ruta itasaidia?

fundi_kisosora

Kwa namna ulivyounganisha, usiitegemee. Ruta imeacha kugawa anwani na kulinda mlango, kwa hiyo kwenye vifaa vingi vya bei hii mgeni anapewa anwani na modemu ileile, yuko sebuleni na nyinyi. Bandwidth Control, ile ya kuweka kikomo cha kasi, nayo inahesabu kinachopita kati ya WAN na LAN, na kwako WAN ina gundi.

Njia isiyohitaji kununua kitu: ruta ya nyuma ifanye ya mpangaji. Irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, toa ile gundi, kebo iingie WAN, LAN iwe 192.168.5.1, DHCP ibaki imewashwa, jina na paswadi vyake mwenyewe. Washa Bandwidth Control, mpe 6000 Kbps za kushusha na 2000 za kupandisha. Hapo kasi umeidhibiti.

Lakini elewa upande upi umefungwa. Ukuta huo unamzuia aliye juu asimwone aliye chini. Wewe huzioni kompyuta zake. Yeye akiandika 192.168.1.10 anaifikia printa yako. Kwa hiyo kwenye kompyuta zako za Windows weka mtandao kuwa Public kwa zile zisizogawana mafaili, zinazogawana ziwe na paswadi kwenye folda, na ukurasa wa printa na wa modemu uwe na paswadi isiyo ile ya kiwandani. Matoleo mengi ya zamani ya WR841N hayaletewi tena masahihisho ya usalama, kwa hiyo Remote Management (kuingia kwenye ruta toka nje) hakikisha imezimwa.

Shida moja, ukifanya hivi simu zako zikifika nyuma hazina ruta yao. Pima kwanza ya mbele inafika kiasi gani chumba cha mwisho.

Ngamiani12

Nimezima ya nyuma nikapima. Ukumbini mwisho -66 milango ikiwa wazi, chumba cha mwisho kushoto -78 mlango ukifungwa.

bi_mkonge

Basi ya mbele isogeze kidogo. Kebo yake ni ya mita 5. Weka ya mita 10, ruta iende katikati ya ukumbi, kati ya mlango wa pili na wa tatu, na Transmit Power irudishe High maana sasa iko peke yake. Chumba cha mwisho kikifika -70 mlango ukiwa umefungwa, WR841N mwachie mpangaji. Kisipofika, kwa ile chenji iliyobaki tafuta ruta nyingine iliyotumika, ichomeke pale nyuma kwa LAN, kisha ya mpangaji ichomeke kwa WAN toka kwenye poti ya hiyo. Huhitaji kebo nyingine toka mbele. Zitakaa karibu karibu, ziachanishe mita 2 angalau, na kama ya mbele iko chaneli 1 basi ya nyuma ipe 6 na ya mpangaji 11.